Aliyemwita Hajiri kwa Jina Lake

Mazungumzo ya redio. Somo: Mwanzo 16:1-14

Aliye na Biblia karibu na aifungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 16. Asiye nayo asihangaike, kwa maana tutaisimulia habari hiyo pole pole.

Kwanza twataka kuuliza swali dogo. Tangu Jumapili iliyopita, umeulizwa namba mara ngapi? Pale getini kwenye jumba la ofisi, bawabu hakutaka kujua kama umeamka salama. Alitaka namba ya kitambulisho, akaiandika katika daftari lake. Ulipopiga simu benki ulijibiwa na sauti ya mashine ikikuambia ubonyeze moja, kisha mbili, kisha ungoje, nawe ukangoja ukipigiwa muziki mpaka salio likaisha. Kliniki uliitwa "Kumi na saba!" Mtoto wako aliye shuleni ana namba yake, shamba lina namba yake, na hata mzee akifariki jamaa hawana budi kufuata kibali chenye namba kabla ya kumzika.

Hatusemi haya ili kuzilaani mashine. Wako wahubiri ambao kila chombo kipya kwao ni alama ya mnyama wa Ufunuo, nasi hatumo katika kundi hilo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mama aliye kijijini hana tena taabu ya kungojea bahasha kutoka kwa utingo wa basi huku akijiuliza kama itafika nzima. Mwanawe aliye Mombasa humtumia fedha, naye huzipata kabla uji haujapoa. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Tena serikali haina budi kuwahesabu watu. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 tulihesabiwa, tukapatikana watu 47,564,296, na bila hesabu ya namna hiyo shule na zahanati zingejengwa kwa kubahatisha. Hata sisi tunaozungumza nawe sasa twatumia mashine, wala hatuuoni uso wako.

Lakini liko jambo linaloumiza, nalo hatutaki kulipita.

Mama mmoja wa ushirika wetu alichuma majani chai kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipougua alikwenda hospitali moja, akaambiwa aweke kidole juu ya mashine ili ijulikane kama ameandikishwa. Akaweka. Mashine ikakataa. Akapangusa kidole kwa leso, akaweka tena, ikakataa. Wakajaribu kidole gumba, kisha wakajaribu mkono wa pili. Mjue ya kwamba watu waliofanya kazi ya mikono miaka mingi, wachumaji chai na waashi na wafuaji nguo, alama za vidole vyao huliwa kidogo kidogo mpaka mashine isiweze kuzisoma. Kijana aliyekuwa mezani hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, "Nyanya, mfumo unasema haupo." Mama akamjibu, "Mjukuu wangu, si mimi huyu nimesimama mbele yako?" Wakacheka wote wawili, na siku hiyo akarudi nyumbani bila dawa. Alitibiwa siku ya tatu, baada ya binti yake kufuata barua kwa chifu.

Mikono ile ndiyo iliyosomesha watoto watano. Kazi yenyewe ndiyo iliyofanya isitambulikane.

Wazee wetu waliyajua maumivu haya kabla ya kompyuta kufika. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, nayo ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, kabila lake, na maandishi ya kila bwana aliyemwajiri. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kijaluba cha chuma, nacho kikaning'inizwa shingoni. Wengine walisema hiyo ni kengele ya mbuzi. Bwana mpya hakuwa na haja ya kumwuliza mtu habari zake, kwa maana alifungua kijaluba akasoma yale aliyoandika bwana wa kwanza. Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani mwaka 1921, lakini kipande kilikaa shingoni mwa watu wetu muda mrefu baada ya hapo. Sheria ya vitambulisho kwa watu wa rangi zote ilitungwa mwaka 1947.

Na katika siku zetu wako ndugu zetu wa Garissa na sehemu za jirani. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Somalia. Katika miaka ya ukame Wakenya wengi wa huko nao walikuwa na njaa, na wazazi wengine wakawaandikisha watoto wao kambini ili wapate chakula na matibabu. Ni mzazi gani asingefanya hivyo? Watoto wakakua. Walipofikia miaka 18 wakaenda kuchukua kitambulisho, wakaweka vidole, na kompyuta ikajibu kwamba hao ni wakimbizi, si Wakenya. Maelfu ya vijana wakakaa miaka bila kitambulisho, nawe wajua kwamba hapa kwetu asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, wala kufungua akaunti, wala kuandikwa kazi ya maana. Baba yake amjua, mama yake aliyemzaa amjua, jirani zake wote wamjua, lakini daftari lamkana.

Mwaka 2019 tulipanga foleni tena kwa ajili ya Huduma Namba, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kadi zake zilitolewa pasipo kufuata sheria ya kulinda habari za watu. Baadaye ikaja Maisha Namba. Twazitaja tu na kupita, kwa maana si kazi yetu leo kuwahukumu walioziweka. Bwana wetu mwenyewe alizaliwa safarini kwa sababu ya daftari la Kaisari.

Basi kuna swali linalomjia mtu usiku taa ikizimwa, naye haoni haya kujiuliza kwa kuwa hakuna anayemsikia. Kama huku chini naweza kupotea ndani ya daftari, huko juu je? Duniani kuna watu zaidi ya bilioni nane. Mungu ananijua mimi, au kwake nami ni kumi na saba?

Sasa tuje kwa Hajiri.

Abramu na Sarai walikuwa wamekaa Kanaani miaka kumi, wala hawakuwa na mtoto. Sarai alikuwa na mtumishi kutoka Misri. Akamtoa kwa mumewe ili apate uzao kwa njia yake, na Abramu akakubali. Hajiri alipopata mimba akaanza kumdharau bibi yake, naye Sarai akamtesa, mpaka akatoroka. Hapa hakuna mtu aliye safi. Hajiri naye alikuwa na kiburi chake. Lakini soma aya hizo tena kwa uangalifu, uone jinsi watu wale walivyosema habari zake. Mwandishi wa kitabu ametuambia jina lake, lakini Sarai akizungumza husema tu kijakazi wangu, na Abramu akijibu husema kijakazi wako. Hakuna hata mmoja wao anayelitamka jina lake. Walimtumia mwili wake ili wapate mtoto, na jina lake hawakulihitaji.

Kisha yule mwanamke yuko peke yake nyikani, karibu na chemchemi, kwenye njia ya kwenda Shuri. Njia hiyo yaelekea Misri. Twaona alikuwa akirudi kwao, mja mzito, kwa miguu, katika jangwa. Hapo malaika wa Bwana akamkuta. Hii ndiyo mara ya kwanza katika Biblia nzima kusikia habari za malaika wa Bwana kumtokea mtu, na mtu mwenyewe si Ibrahimu baba wa imani, ni mtumishi wa nyumbani aliyetoroka. Neno la kwanza malaika alilolitamka ni lile ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amelitamka. Alimwita Hajiri.

Angalieni pia ya kwamba hakujifanya kama hajui kazi yake. Alimwita kwa jina, halafu akasema, kijakazi wa Sarai. Kipande chake alikijua, lakini kipande kilikuja nyuma ya jina.

Kisha akamwuliza ametoka wapi, na anakwenda wapi. Je, Mungu hakujua? Alijua. Mashine haiulizi jambo ambalo tayari inalo, kwa sababu haina haja ya kusikia sauti yako. Mzazi huuliza. Mtoto akiingia nyumbani analia, mama aliyemwona dirishani akianguka humwuliza, "Kumetokea nini?" na mtoto husimulia huku akipanguswa machozi. Hajiri alijibu swali la kwanza tu. Alisema anamkimbia bibi yake. La pili, la anakokwenda, hakulijibu. Pengine hakuwa na la kusema, na malaika hakumlazimisha.

Akaambiwa kwamba atazaa mwana, na amwite Ishmaeli, maana yake Mungu asikia, kwa kuwa Bwana amesikia mateso yake. Ndipo Hajiri akafanya jambo ambalo hatujaona mtu mwingine akilifanya kabla yake katika Maandiko. Alimpa Mungu jina. Alimwita Mungu anionaye. Hakumwita Mungu aonaye yote, ingawa hilo nalo ni kweli. Alisema anionaye, mimi.

Mpendwa msikilizaji, kujulikana kuna namna mbili, nasi twaona ni muhimu tuzitenganishe, maana siku hizi mtu aweza kusema, "Mbona ninajulikana sana! Simu yangu yajua nilikokwenda jana, yajua nalala saa ngapi, na nikitafuta viatu mara moja, kwa muda wa mwezi mzima naonyeshwa viatu." Ni kweli. Kuna mashine ambazo zinakisia utakachonunua kabla hujaamua, na ziko za akili bandia zinazoweza kukuandikia hata barua ya rambirambi yenye maneno matamu kuliko ya jirani yako. Lakini jirani amekuja kwa miguu, mvua inanyesha, akaketi nawe matangani bila neno. Mashine haikupoteza kitu ulipofiwa.

Wengi wetu twakumbuka mambo ya mikopo ya simu. Mtu alikopa shilingi elfu mbili au tatu kwa kubonyeza tu, na kumbe alipokubali masharti aliwapa wenye kampuni majina yote yaliyo ndani ya simu yake. Akichelewa kulipa, wakampigia mkwewe, wakampigia mwajiri wake, wakampigia mchungaji, wakitangaza deni. Watu waliaibishwa vibaya, mpaka mwaka 2022 Benki Kuu ikaanza kuwatakia leseni wakopeshaji hao. Mtu aliyepatwa na hayo hufikia kuogopa kujulikana. Ukimwambia kwamba Mungu anajua kila kitu chake, hafurahi hata kidogo. Hufikiri kwamba sasa amepata mdai wa pili.

Kwa mtu huyo twataka kumtaja mwanamke wa Samaria, yule wa kisimani, katika Injili ya Yohana sura ya 4. Aliteka maji saa sita mchana, jua kali, wakati ambao mtu hatarajii kukutana na watu. Bwana Yesu akamweleza habari za waume watano na za yule aliyekuwa naye wakati ule. Hayo ndiyo mambo yaliyokuwa yakizungumzwa kijijini nyuma ya mgongo wake. Lakini baada ya kuambiwa yote, mwanamke hakujificha. Aliuacha mtungi, akakimbia mjini kuwaambia watu kwamba amekutana na mtu aliyemweleza mambo yote aliyoyatenda, na aliwaambia kwa furaha! Kwa nini jambo lile lile vinywani mwa wanakijiji lilikuwa aibu, na kinywani mwa Bwana likawa habari njema? Ni kwa sababu Bwana alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Aliketi pamoja naye, akiwa amechoka na safari. Alimjua, naye hakuondoka.

Sisi watu wa Kenya hatupaswi kupata shida kuelewa jambo hili, kwa kuwa wafugaji wetu walilifahamu tangu zamani. Wamaasai na Wasamburu, na wafugaji wengine wengi, hawakupenda kuwahesabu ng'ombe wao. Mzee alisimama penye lango la boma jioni, mifugo ikiingia, akatazama rangi na pembe na mwendo, na akisema "Yule mwenye baka jeupe hayupo," vijana hutoka kwenda kumtafuta. Hakujua kwa kutoa jumla. Alijua kwa sababu kila mmoja ana sura yake mbele ya macho yake. Na Bwana Yesu aliposema juu ya mchungaji aitaye kondoo wake kwa majina, alisema mbele ya watu waliowaona wachungaji wa namna hiyo kila siku.

Tena kuna habari ya shomoro. Ukisoma Mathayo sura ya 10 utaona shomoro wawili wakiuzwa kwa senti moja. Ukisoma Luka sura ya 12, utaona watano wakiuzwa kwa senti mbili. Wamama wa sokoni wamekwisha kutambua hesabu hiyo! Kwa senti mbili ulistahili wanne. Huyo wa tano ni nyongeza, kama ile nyanya moja unayotupiwa kikapuni baada ya kulipa. Hana bei. Na Bwana alisema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Basi na huyo wa nyongeza yumo.

Sasa twarudi kwa Hajiri, kwa sababu kuna neno moja gumu tuliloliruka, na msikilizaji mwangalifu amekwisha kuliona. Malaika alimwambia arudi kwa bibi yake, anyenyekee chini ya mikono yake. Neno hili limetumiwa vibaya. Tumesikia habari za wanawake waliokimbilia kanisani wakiwa na majeraha usoni, wakafunguliwa ukurasa huu, wakaambiwa, "Rudi kama Hajiri." Hatukubaliani na hilo hata kidogo. Hajiri alikuwa mja mzito jangwani, bila chakula, na safari ya Misri ingemwua yeye na mtoto. Alirudishwa mahali penye maji na mkate ili aishi, tena alirudishwa na yule aliyemwahidi mambo makubwa akayatimiza yote. Sura ya 21 yaonyesha kwamba saa ya kutoka ilifika, na alipotoka Mungu hakumrudisha mara ya pili. Aliitwa kwa jina lake tena kutoka mbinguni, na macho yake yakafumbuliwa, akaona kisima. Kwa hiyo, mama unayepigwa nyumbani, usikubali mtu akufungie njia kwa maneno ya sura ya 16. Katika nchi yetu iko sheria ya mwaka 2015 inayowakinga watu na jeuri ya nyumbani. Mweleze mchungaji wako au mzee wa kanisa unayemwamini. Kama hakusikii, mweleze mwingine.

Na ninyi wazazi ambao mabinti zenu wamekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, twajua mnaisoma habari ya Hajiri kwa namna nyingine. Wako waliofika salama, wakalipwa, wakajenga nyumba ya mawe kwa mama. Wako pia waliochukuliwa pasipoti na simu, nanyi mwakaa miezi bila kusikia sauti ya mtoto. Hatuwezi kuwaambia kesho italeta nini. Twasema tu kwamba kijakazi wa kwanza aliyeteswa ugenini, ambaye Maandiko yatuletea habari zake, hakuwahi kuwa peke yake nyikani, hata kabla ya kujua. Haya, ombeni kwa kulitaja jina la binti yenu. Lakini msiombe tu. Pelekeni habari zake kwa ofisi za serikali zinazohusika, mkiwa na karatasi zote mkononi, na mzee wa kanisa aende pamoja nanyi asimame kwenye foleni hiyo.

Tukisema habari za kanisa, kuna jambo dogo ambalo twapenda kuligusa. Katika makanisa yetu mengi kila mshirika ana namba ya bahasha. Ni utaratibu mzuri, na watunza hazina wengi wangepata taabu bila huo. Tena siku hizi sadaka hutumwa kwa simu, na tangu makanisa yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona wako waliozoea kuitazama ibada wakiwa kitini sebuleni. Wagonjwa na wazee wasiojiweza wamepata baraka kubwa kwa njia hiyo, wala hatutaki kuwanyang'anya. Lakini chukueni mfano wa mzee wa kanisa. Akijua kwamba bahasha namba 214 haijaletwa tangu Machi, anajua nini? Ajua shilingi zimepungua. Akienda hadi mlangoni, akapiga hodi, akakaribishwa ndani, akaona kwamba baba wa nyumba ameachishwa kazi na watoto wanakunywa chai ya rangi, hapo amemjua mtu. Kijitabu cha mzee kiwe na majina. Na akitaka namba na aziandike kando.

Tena yuko msichana anayekuja ibadani akimbeba mtoto asiye wake. Huketi kiti cha nyuma karibu na mlango, ili mtoto akilia atoke. Katika nyumba anamofanya kazi huitwa "dada", au "aunti", au "msichana wa Mama fulani". Amekuja kanisani kwenu mwaka wa pili sasa. Anajua ni nyimbo gani huimbwa siku ya Meza ya Bwana, anajua mchungaji hukohoa kabla ya kusoma matangazo. Waulize washirika jina lake. Wengi hawatakujibu. Yeye hakuja pale bila kujulikana, kwa sababu aliyemwona Hajiri anamwona. Lakini ingekuwa vema kama hangelazimika kwenda nyikani ndipo asikie mtu akimwita kwa jina. Jumapili ijayo, baada ya ibada, mwendee. Mwulize jina lake lote, na kwao ni wapi, na mama yake anaitwa nani. Kisha ukumbuke. Kwa bawabu wa geti lenu ni vivyo hivyo, na kwa yule kijana wa bodaboda anayekupeleka kila siku nawe humwita "wewe".

Bado kuna mtu mmoja tunayemfikiria sana tunapotayarisha maneno haya. Ni yule mzee, au pengine ni kijana, ambaye aketi peke yake sasa hivi na redio ndiyo mwenzake wa pekee. Simu yake haijalia siku tatu, isipokuwa ujumbe wa kumwuzia vifurushi. Ndugu, katika kitabu cha Isaya sura ya 49, watu wa Sayuni walilia kwamba Bwana amewasahau. Mungu aliwajibu kwamba mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, lakini yeye hasahau, kwa kuwa amewachora katika vitanga vya mikono yake. Huyu Mungu hakuwaomba waweke kidole mahali popote. Alama aliiweka mikononi mwake mwenyewe. Na sisi tulio wa Agano Jipya, tukisikia habari za vitanga vya mikono, twafikiri juu ya misumari, na asubuhi ile ya bustanini ambapo Mariamu Magdalene, akilia asimtambue Bwana, alimtambua alipoitwa jina lake, neno moja tu.

Kabla hatujaomba, tazameni kidogo habari ya kile kisima. Hajiri alipokipa Mungu jina lile, kisima nacho kikaitwa Beer-lahai-roi, kisima chake yeye aliye hai anionaye. Miaka ikapita. Sarai, ambaye sasa aliitwa Sara, akafa. Ukisoma sura ya 24, aya ya 62, utaona kwamba Isaka alikuwa akitokea njia ya kisima hicho wakati Rebeka alipoletwa. Na sura ya 25 yasema kwamba baada ya Ibrahimu kufa, Isaka alikaa karibu na kisima hicho. Mwana wa Sara alikaa penye maji yaliyopewa jina na mwanamke ambaye mama yake hakutaka kumwita kwa jina. Alikunywa hapo, na wanyama wake wakanywa hapo, na kila aliyeuliza, "Kisima hiki chaitwaje?" alijibiwa kwa neno la Hajiri.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyemkuta Hajiri njiani, twamleta kwako mama yule ambaye vidole vyake vimelika kwa kazi. Twawaleta vijana ambao daftari limewakana, na mabinti walio mbali ambao simu zao zimezimwa. Twamleta msichana aketiye nyuma karibu na mlango. Twamleta na huyu anayetusikiliza sasa, ambaye sisi hatumjui. Wewe wamjua. Mwite kwa jina lake, naye asikie. Twaomba katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.